Zimwi likujualo

Wiki hii mmeuliza: ni hadithi gani ya shabiki (yaani shabiki anaandika upya kwa wahusika wa kazi ya mwingine), yenye giza, inayomfuata adui badala ya steringi, ambayo ungempa mwenzako asome? Mimi natoa Grendel, ya Mmarekani John Gardner, iliyotoka mwaka 1971. Najua wapo watakaonipinga kwamba hiyo ni riwaya ya dukani, si kazi ya shabiki. Sawa. Lakini Gardner alikuwa mwalimu wa fasihi ya kale ya Kiingereza aliyeshikwa na utenzi wa Beowulf, akamchukua zimwi asiye wake, akampa kinywa. Kama huo si ushabiki, basi sijui ushabiki ni nini.

Kwa asiyeujua, Beowulf ni utenzi wa mistari zaidi ya 3,000, na umetufikia kwa mswada mmoja tu, uliopo London. Grendel anavamia ukumbi wa mfalme Hrothgar wa Denmark kwa miaka 12, anakula watu, mpaka Beowulf anavuka bahari na kumng'oa mkono. Zimwi huyo hasemi neno. Ni uzao wa Kaini, na yamekwisha.

Gardner anamwacha asimulie mwenyewe. Kumbe amekuwa akiwachungulia binadamu tangu walipokuwa vikundi vya kuporana ng'ombe na kuchomeana nyumba. Halafu anakuja malenga na kinubi. Anaimba, na uporaji uleule unageuka ushujaa wa mababu. Grendel yuko gizani nje ya ukumbi, anajua kila neno ni uongo, na bado machozi yanamtoka. Usiku mwingine malenga anaimba juu ya ndugu wawili, mmoja akalaaniwa na kizazi chake chote, na Grendel anatambua kwamba anayeimbwa ni yeye. Muda si mrefu uliopita amejikwaa kwenye maiti ya mtu aliyechinjwa na binadamu wenzake. Anaibeba, anatokea kwenye mwanga wa ukumbi akipepesuka na kulia, anaomba amani. Wao wanaona nini? Zimwi na maiti mikononi. Wanamrukia kwa mashoka na mikuki.

Hapo nilikifunga kitabu, nikaenda kuchemsha chai.

Msidhani lakini kwamba mwandishi anamtetea. Grendel anaua, anakula, na anafurahia. Ila Hrothgar mwenyewe, Grendel hamgusi. Anawamaliza watu wa mfalme mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, na mfalme mwenyewe anaachwa azeeke, maana Grendel akimuua atabaki na kazi gani duniani? Methali yetu ya zimwi likujualo halikuli likakwisha tunaitumia tukitaka kusema heri mbaya unayemfahamu. Baada ya kitabu hiki siisikii tena kama faraja. Kuliwa nusu nusu na mtu anayekujua vizuri, hiyo ndiyo riwaya nzima.

Ucheshi wake nao ni mweusi tii. Kuna shujaa mmoja, Unferth, anayetaka kufa kwa sifa aimbwe. Anamwendea Grendel kwa hotuba ndefu, na Grendel anamjibu kwa kumrushia matofaa. Jamaa anamfuata hadi pangoni ili auawe kiume. Hauawi. Grendel anambeba akiwa usingizini, anamrudisha kwao mzima, kisha anawaua walinzi wawili mlangoni ili asieleweke vibaya. Nilicheka, nikajionea aibu.

Sura ambayo Grendel anakutana na joka ni nzito kwa falsafa. Ukichoka iruke, utarudi. Na kuna mahali Grendel anamshika malkia, mke wa Hrothgar, ambapo inatisha kweli, kwa hiyo usimpe mtoto kwa sababu tu umeona ni hadithi ya zimwi. Ni kitabu chembamba, sura 12, Kiingereza chake kinasomeka. Nakala yangu niliiazimisha Korogwe na hadi leo haijarudi.

Jambo moja nililijua baada ya kusoma. Gardner alikulia shambani, Batavia, jimbo la New York. Mwaka 1945, akiwa na miaka 11, alikuwa akiendesha trekta, mdogo wake Gilbert akaanguka, akasagwa na mashine iliyokuwa ikivutwa nyuma. Siwezi kusema kitabu kimetoka hapo. Ila niliurudia ukurasa wa mwisho. Grendel amebaki na mkono mmoja, damu inamwishia ukingoni mwa shimo, wanyama wa msituni wamekuja kumtazama anavyokufa. Hataki kukubali kwamba ameshindwa na mtu. Aliteleza tu, anawaambia. Ilikuwa ajali.