Wasomaji Wauliza: Mikono Imejaa, Kitambi Kipo Palepale

SWALI: Ni mwendesha boda boda, miaka 29, kilo 82. Mwezi wa nne huu kila jioni nanyanyua vyuma vya mikono nyumbani. Mikono imejaa kidogo, lakini kitambi hakijasogea, na kiuno hunikaza nikishuka kwenye pikipiki. Mwenzangu wa stejini anasema ningeanza na miguu. Ni kweli? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ni kweli, ila si kwa sababu inayosemwa jimu, kwamba zoezi la miguu huamsha homoni za kujaza mikono. Homoni hizo hupanda kwa dakika chache na kushuka, mkono ukabaki ulivyo. Tofauti iko kwenye wingi wa nyama inayofanya kazi. Kukunja kiwiko kunatumia msuli mdogo. Kuchuchumaa na kuinuka kunatumia mapaja, mgongo na makalio, ambako ndiko uliko msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Misuli hii hutumia nguvu nyingi na hufyonza sehemu kubwa ya sukari ya damu baada ya mlo. Nawe unaikalia kutwa! Kitambi, hata hivyo, hakitaondoka kama sahani ya posho (ugali) haijapungua na maharage kuongezeka.

Vyuma si lazima, jerikeni zinatosha. Anza na ya lita 5, uijaze maji hadi mdomoni. Ikiwa nusu, maji huyumba na kukuvuta upande. Ikumbatie kifuani, miguu upana wa mabega, shuka kama unayetafuta kigoda kwa nyuma, magoti yakielekea viliko vidole. Visigino vikiinuka, uzito wote huhamia mbele. Kanyagia kibao cha unene wa sentimita 2 hadi vifundo vilegee. Fanya mara 10, pumzika dakika 2, seti tatu. Ukifika mara 15 bila kuyumba, panda hadi lita 10. Kutoka hapo kwenda 20 ni mruko mkubwa, kwa hiyo jaza ile ya 10 mchanga mkavu: hufika kilo 15 hivi.

Kisha kuinama kwa nyonga, na hapa ndipo wengi huumia. Kwanza jifunze bila mzigo: weka mpini wa ufagio mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu kidogo ya makalio. Magoti yakunje kidogo, sukuma makalio nyuma. Mpini ukiachana na sehemu mojawapo, umeshapinda mgongo, rudi juu. Ukiweza mara 10 mfululizo, ndipo ushike jerikeni. Malizia kwa kuivuta hadi kiunoni, mkono mmoja kwenye benchi, halafu pushapu. Mikono iwe ya mwisho kabisa: ikichoka mapema, vidole vitaachia jerikeni kabla mgongo haujafanya kazi.

Siku mbili au tatu kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati. Maumivu ya kiuno yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, usianze kabla ya kuonana na daktari.

SWALI: Mama ana miaka 64, siku hizi hainuki mkekani bila kushikwa. Hana ugonjwa unaojulikana. Tumsaidieje? – Msomaji, Mbale

JIBU: Mapaja yake yamepungua nguvu, na hayo huzoezwa hata uzeeni. Muwekeeni kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, juu yake mito miwili. Aketi, avute miguu nyuma kidogo, ainame mbele na kuinuka bila kusukuma kwa mikono; kushuka kuchukue sekunde tatu, asijiangushe. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, siku tatu kwa wiki. Akifikisha mara 10 kirahisi, ondoeni mto mmoja. Mkeka usubiri hadi mito yote iishe. Akihisi kifua kubana, au goti likivimba, aache zoezi hapo hapo apelekwe kituo cha afya. Na kama atakuja kugundulika ana kisukari na kuanza insulini, wauguzi waambiwe kuhusu zoezi hili, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.