Boti yako mwenyewe kwenye mifereji ya Ulaya: usihesabu kilomita, hesabu eklusi

Mkuu umeuliza kama mtu wa kawaida anaweza kununua boti kuukuu akatembea nayo mdogo mdogo kwenye mito na mifereji ya huku Ulaya, leseni ikoje na inachukua muda gani. Mi nipo Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mwaka wa 11 sasa, boti tunayo ya chuma mita 9 na nusu, tumechangishana na shemeji, tuliinunua kwa wazee wawili waliokuwa wameshachoka nayo. Juni mwaka juzi tukaishusha Canal du Midi, mfereji unaotoka hapa Toulouse, yote mpaka kwenye maji ya chumvi, mi, mama watoto na shemeji.

Leseni tumalizane nayo haraka. Ukikodi boti ya kampuni hapa Ufaransa huhitaji leseni, wanakuelekeza kidogo palepale gatini unaondoka zako. Ikiwa yako na ina injini ya maana, lazima uwe na leseni ya mito, unafanya mtihani wa maswali halafu unaendesha na mwalimu. Waholanzi wana raha zao, boti ikiwa chini ya mita 15 na haizidi kilomita 20 kwa saa hakuna anayekudai leseni. Halafu kuna ushuru wa VNF, wale wa serikali wanaosimamia njia za maji, unalipa kufuatana na urefu wa boti na siku utakazotembea.

Sasa muda. Mfereji ni kilomita 240 na spidi mwisho 8 kwa saa, shemeji akapiga hesabu, saa 30, siku nne tumefika. Tulitumia siku 19 haha. Kinachokula siku ni eklusi, vile vyumba vya mawe vya kupandishia na kushushia boti, unaingia, mlango unafungwa nyuma yako, maji yanajazwa au yanatolewa, ndo unafunguliwa mbele. Foleni ipo, na mchana mlinzi anafunga anaenda kula, umwite usimwite. Na winta wanafunga vipande vya mfereji kwa matengenezo, kwa hiyo Januari sahau.

Kutoka Toulouse unapanda mpaka Naurouze, mita 189 juu ya bahari, hapo ndo maji yaliyoletwa kutoka milimani yanagawana, mengine yanaelekea Atlantiki mengine Mediteranea. Kupanda hakuna shida, boti inanyanyuka wewe unavuta kamba. Eklusi ya kwanza ya kushuka inaitwa Méditerranée, na hapo ndo niliumbuka. Marehemu mzee wangu alikuwa nahodha wa jahazi Pangani, nikajiona kamba nazijua, nikafunga ya omo, yaani mbele ya boti, kwenye chuma cha juu ukingoni fundo la nguvu kabisa nikaingia ndani kumimina chai. Maji yakaanza kushuka, omo haishuki. Kwanza nikasikia kamba inalia kama kitanda kibovu, halafu chupa ya chai ikaanza kuteleza mezani taratibu, vikombe nyuma yake, shemeji kule tezi, nyuma ya boti, anapiga kelele Kisambaa kitupu, nafika kwenye fundo limekaza halifunguki hata kwa meno. Mlinzi akafunga maji, akaniangalia tu, hakusema neno, akaleta kisu. Kamba inazungushwa kwenye chuma basi, ncha unaishika mkononi unailegeza kadiri maji yanavyopungua. Mama watoto alishaniambia hivyo tangu Toulouse, lakini hayo ya nyumbani.

Nilipotulia ndo nikaona kuta za hizo eklusi zimebinuka kama yai. Riquet, yule aliyeanza kuuchimba huu mfereji zama za Louis XIV, kuta zilizonyooka za mwanzo zilimbomokea, ndo akazipinda ziweze kubeba uzito wa udongo. Mwenyewe alikufa 1680, mfereji ukafunguliwa 1681, hakuuona.

Kitu kingine, ile miti mikubwa ya kivuli unayoiona kwenye picha usiitegemee sana. Tangu 2006 ina ugonjwa wa ukungu, wanaikata na kuichoma, kule mkoa wa Aude tulipita kipande kirefu jua la utosi, tukafunga shuka ya kitanda juu ya usukani. Nunua turubai. Pale Fonserannes, Béziers, eklusi zimepangana kama ngazi unashuka kama mita 21 huku watalii wamejaa ukingoni wanasubiri ukosee. Safari hii kamba alishika mama watoto.

Mwisho wa mfereji kuna mnara mdogo wa taa, Les Onglous, mbele yake ziwa la Thau, maji chumvi. Upepo ulikuwa mkali, boti ya mfereji chini ni bapa, haitaki mawimbi, tukangoja siku mbili. Shemeji kanicheka mpaka leo, mtoto wa Pangani kaogopa dimbwi. Nikamwambia mzee asingetweka tanga siku ile.