Muulize Anko: Kuvuka jangwa la Australia kwa gari

Tangu niliposema humu kwamba niliwahi kuendesha kutoka Adelaide mpaka Darwin na mpwa wangu anayeishi kule, maswali hayakatiki, yani mtu ananisimamisha hadi Majengo sokoni nimeshika mfuko wa nyanya. Haya, leo najibu manne.

Shikamoo anko. Mwezi wa saba naenda Adelaide kwa bro anasoma kule, tumepanga tuvuke mpaka Darwin watu wanne, gari ndogo tu saizi ya IST. Bro anasema ni lami tupu na siku nne zinatosha. Mi nimepiga sana Dodoma–Singida na Iringa kupitia Mtera, kwa hiyo kuendesha sio ishu. Tutatoboa? — Kijana wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Kwenye lami bro wako hajakudanganya, Stuart Highway kutoka Port Augusta mpaka Darwin ni lami mwanzo mwisho, na kule wanapita kushoto kama sisi, usukani kulia, kwa hiyo hutababaika hata kidogo. Ila hiyo barabara ni kama kilomita 2,700. Sasa chukua Dodoma–Dar, nenda rudi, nenda rudi, nenda rudi tena, ndo hiyo, na hapo sijakuwekea zile 300 za kutoka Adelaide mpaka Port Augusta. Siku nne utafika, utafika umeona lami na makalio yamekufa ganzi. Wekeni kumi, na kama mnataka kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa maarufu, ongezeni mbili, maana pale Erldunda mnakata kushoto afu bado kama kilomita 250 kwenda, na kurudi ni zilezile. (Na mkifika msiulize habari za kupanda juu, ule mwamba una mita 348 na kuupanda kumefungwa tangu tarehe 26 Oktoba 2019, wenye ardhi yao Waanangu hawakuwa wanapenda toka zamani.)

Sasa nikwambie kitu ambacho uzoefu wa Singida hautakusaidia. Sisi huku barabara yetu ina watu. Ukipata pancha baada ya Bahi, hujamaliza kutoa jeki tayari una watoto saba wamesimama wanakuangalia, mmoja anajua fundi, mwingine shangazi yake anauza chai, bodaboda anakupeleka Manyoni na tairi yako mgongoni. Tumezoea hivyo mpaka hatuoni kama ni msaada, tunaona ni kero. Kule hamna. Kutoka Glendambo mpaka Coober Pedy ni kilomita kama 250, sawasawa na hapa mpaka Singida mjini, na katikati hakuna sheli, hakuna duka, hakuna mama wa mafuta ya alizeti, hakuna hata mbuzi wa kukuambia kuna kijiji karibu.

Sisi tulipata pancha kaskazini ya hapo, saa nane mchana. Ukizima gari unasikia masikio yako yenyewe yanalia nziii. Spea ipo, ila spana ya kampuni tuliyokodisha ilikuwa imelika, inazunguka tu juu ya nati, mpwa wangu akaanza kutukana kwa Kigogo wakati amekulia kule. Tukakaa kivulini upande wa gari kama saa moja na nusu. Ilipotokea gari, mzee mmoja na mkewe, hawakuuliza tairi. Alishusha kioo akauliza: maji mnayo? Ndo nikaelewa niko wapi.

Kwa hiyo gari ikifa usiiache, hata kama unaona kama kuna kitu kinang'aa kwa mbali. Gari linaonekana, mtu anayetembea porini haonekani. Kila sheli unayokuta jaza, hata kama umetumia robo tenki, na usishangae bei, kadri unavyoingia ndani mafuta yanapanda. Hizo sheli zao unakuta zina baa, chakula na vyumba vya kulala humohumo, kwa hiyo ndo kijiji chenyewe hicho. Maji sisi wawili tulibeba dumu la lita 20 na lilikuwa halishuki kwenye gari, likipungua tunajazia. Simu ukitoka mji ni pambo tu, netiweki hamna, pakueni ramani kabla na kama hela inaruhusu kodisheni simu ya setilaiti. Na hiyo spana, ijaribu kwenye nati ukiwa bado mjini jamani.

Usiku msiendeshe. Kangaruu wanatoka jua likizama na alfajiri, na hajui indiketa yule, anakuja tu ubavuni anaruka mbele ya taa. Soma pia bima yako, kampuni nyingi za kukodisha zinasema ukigonga mnyama usiku nje ya mji ni juu yako. Sisi saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeshapaki.

Halafu yale malori. Yanaitwa road train, kichwa kimoja kinavuta matela matatu mpaka manne, urefu hadi mita 53.5, yani kama semi zetu tatu zimeshikana mikia. Likija mbele yako shika usukani kwa mikono miwili maana upepo wake unakusukuma, na kigari chenu hicho ndo kabisa. Kulipita ni kazi nyingine, unapita tela la kwanza, la pili, unasema nimemaliza, kumbe bado. Mpaka uone barabara nyeupe mbele kilomita nzima na zaidi ndo utoke. Kusini mwisho ni spidi 110, ukiingia Northern Territory, jimbo la kaskazini, kuna vipande vya 130, ila hiyo 130 ni ruhusa, sio deni.

Anko, mwanangu ndo huyo huyo anayekwenda. Nasikia nyoka wa kule mmoja anaua ng'ombe, na mamba je? Silali. — Mama wa Area C

Dada yangu, lala. Nyoka wapo na sumu yao kali kweli, ila anayekaa barabarani na kambini akivaa viatu na akaacha kuchokonoa mashimo, wanapishana. Mamba ni kuanzia maeneo ya mji wa Katherine, huko kaskazini, kwenda juu, na wameweka vibao, mwambie kibao kikisema usioge asijifanye Mgogo asiyeogopa kitu. Hata mtu akiugua porini kuna madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor Service, wanaruka tangu 1928. Mi ningekuwa wewe ningehofia usingizi tu. Barabara imenyooka masaa, hakuna kona, dereva analala huku macho yako wazi. Wapokezane kila masaa mawili, mwambie umesema wewe.

Naweza kubeba zabibu na mlenda mkavu kumpelekea ndugu yangu? — Msomaji, Ilazo

Zabibu kula hapa hapa. Matunda mabichi hayapiti kabisa, wanaogopa wadudu na magonjwa ya mimea. Unga wa mlenda andika kwenye ile fomu ya kuingilia kwamba umebeba chakula, weka tiki ya ndiyo, usione aibu. Mi niliandika, ofisa akafungua, akanusa, akaniangalia usoni, akaniuliza hii unaila? Nikamwambia tunaipenda. Akanirudishia. Kinachokuponza ni kuficha, hapo faini inakuhusu.

Kwani kuna cha kuona, au ni vumbi kama la kwetu? — Mwalimu, Kondoa

Mwalimu, vumbi lipo, jekundu, linaingia mpaka kwenye soksi zilizo ndani ya begi. Ila ndo raha yenyewe, unafika mbali halafu unakuta kwenu. Kusini ya Tennant Creek kama kilomita 100 kuna Karlu Karlu, mawe ya granite ya duara yamepandiana utadhani uko hapa Dodoma chini ya Mlima Simba, ila huruhusiwi kugusagusa ovyo, ni mahali patakatifu kwa wenyeji. Vichuguu vipo vinamzidi mtu urefu. Coober Pedy wanachimba opali, mawe ya thamani, tangu 1915 na joto lao likawashinda wakaamua kuishi chini ya ardhi, nililala huko, usiku unajua ni usiku kwa saa ya mkononi tu. Na kuna ranchi ya ng'ombe inaitwa Anna Creek, zaidi ya kilomita za mraba 15,000, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mkoa wetu wa Dodoma, ya ng'ombe tu. Nilivyomhadithia mzee mmoja wa Mvumi alikaa kimya, akauliza, na mchungaji ni mmoja?

Ila mimi kilichonimaliza ni mibuyu. Tulipofika Katherine tukaacha njia ya Darwin tukakata kushoto mpaka Timber Creek, karibu kilomita 290, mpwa wangu analalamika mafuta, na mibuyu hii hapa, minene, imevimba kama chupa, ya jamii moja na ya kwetu. Nikaokota tunda chini, nikalipasua kwenye jiwe, nikamumunya. Mpwa akauliza vipi anko? Nikamwambia lete sukari na rangi nyekundu.