Kuuza shirika la simu sio mageuzi, anzeni na kuunganisha mitandao

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ndogo ya intaneti, ile ya watu tisa na gari moja, na kilichotukwamisha hakikuwa mtaji wala wateja, wateja walikuwepo tena wengi wanalalamika tunawachelewesha. Tulikwama kuunganishwa na mtandao mkubwa. Wao ndo wenye mkonga, yaani ile nyaya kuu ya intaneti, wao ndo wenye minara, sisi tukiomba tunaambiwa fomu haijakamilika, mara injinia kasafiri, mara bei imebadilika, ikafika miezi kumi na moja. Na sheria ilikuwa inasema soko liko huru!

Kwahiyo nikisikia mtu anasema nchi ikitaka uchumi ukue ibinafsishe shirika la simu basi imemaliza, huwa naomba tuongee kidogo. Ukiuza shirika bila kuruhusu washindani umebadilisha tu mwenye ukiritimba. Angalia Myanmar, laini ya simu ilishawahi kuuzwa mamia ya dola, 2013 serikali ikachagua kampuni mbili za nje, Telenor na Ooredoo, wapewe leseni, mwaka uliofuata wakaanza kuuza laini kwa kama dola moja na nusu. Teknolojia ilikuwepo miaka yote, kilichokosekana ni ruhusa.

Na bei ikishuka faida yake inafika mbali sana. Kuna wavuvi wa Kerala kule India, simu zilipoingia kati ya 1997 na 2001 mvuvi akawa anapiga akiwa bado majini anauliza leo soko gani lina wanunuzi, kabla ya hapo alikuwa anafika pwani amekuta samaki wamejaa anamwaga mzigo, huku soko la jirani watu wanatafuta hawapati. Utafiti ulionyesha faida ya wavuvi ilipanda kama 8% na mlaji naye akapunguziwa bei kama 4%. Wote wawili wamepata! Mimi huu mfano naupenda kuliko yote, maana hakuna aliyenyang'anywa kitu, ni habari tu imefika kwa wakati.

Sasa ushauri wangu kwa yeyote aliye karibu na maamuzi haya. Mdhibiti, yaani chombo kinachosimamia kampuni za simu, awepo na awe na meno KABLA hujauza shirika wala kugawa leseni, maana ukishauza mnunuzi anakuja na wanasheria wengi kuliko wako na kila faini unayompiga inaishia mahakamani miaka. Halafu gharama za maingiliano, yaani kile mtandao mmoja unachoulipa mwingine ukipokea simu zake, zishushwe zikaribie gharama halisi. Kenya 2010 mdhibiti alizikata nusu, kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, na vita ya bei ikawaka mwaka huohuo. Mkubwa yeyote atalia hapo, mwacheni alie.

Kuhusu leseni na masafa, yaani mawimbi ya hewani yanayobeba simu, jamani serikali zisitamani hela ya haraka. India miaka ya 90 kampuni ziliahidi ada kubwa mno za leseni zikashindwa kulipa, sera ya 1999 ikawahamishia kwenye kulipa asilimia ya mapato na hapo ndo soko likapumua. Hela unayoikamua leo ndo ileile ingejenga minara kesho. Kodi za vocha na bando nazo ziangaliwe hivohivo, mwenye kipato kidogo ndo anaumia wa kwanza. Vijijini unaweka mfuko wa mawasiliano kwa wote, hela ya kujenga minara kule ambako kampuni hazioni faida, na orodha ya minara iliyojengwa itangazwe hadharani kila mwaka, ikifichwa hela inayeyuka.

Na wewe mwenye kampuni ndogo, mdhibiti akitoa rasimu ya kanuni na kuomba maoni usidhani ni ya wakubwa tu. Andika, tena andika kitu kinachopimika, usiseme "tunaomba usawa", sema mtandao mkubwa uwe umeunganisha mwombaji ndani ya siku kadhaa au upigwe faini ya kila siku. Sisi barua yetu ilikuwa kurasa mbili, tukaambatanisha tarehe zote tulizozungushwa ile miezi kumi na moja. Kanuni ilipotoka ukomo wa siku ulikuwemo, na ombi letu lililofuata lilijibiwa ndani ya wiki tatu.