Baba mkwe na bluzi zake: pa kuanzia

Dada, umesema baba mkwe wako amekulia Mississippi, Marekani, kwake muziki ni bluzi tu (blues, muziki wa Wamarekani weusi), nawe nyimbo zote unazisikia kama wimbo mmoja. Usianze na gitaa la umeme. Anza na Mississippi John Hurt: anapiga taratibu kwa vidole, anaimba kama mtu anayepiga soga barazani. Kisha nenda kwa Muddy Waters. Mwaka 1941 alirekodiwa kwenye shamba la pamba la Stovall, alikokuwa kibarua. 1943 akahamia Chicago, na huko akashika gitaa la umeme ili asikike juu ya kelele za vilabu. Sikiliza za shambani kwanza, halafu za mjini.

Na hilo la wimbo mmoja, hujakosea sana. Nyingi zina mtindo uleule: mstari unaimbwa, unarudiwa, wa tatu unajibu. Tega sikio kwenye huo wa tatu, mara nyingi utani au uchungu umejificha humo.

Mzee usimuulize bluzi ni nini, mtakesha! Muulize kama utotoni aliona waya uliofungia ufagio ukipigiliwa misumari ukutani, watoto wanaudonoa huku wakitelezesha chupa juu yake. Baadhi ya wapiga gitaa wa kule walianzia hapo.

Zawadi? Fulana hapana. Mkijaliwa nauli, mpelekeni Indianola, mji wa hukohuko Mississippi, kwenye makumbusho ya mpiga gitaa wa bluzi B.B. King, yaliyofunguliwa 2008. Ila mwacheni atembee kwa mwendo wake, msimharakishe.