Mama unayeshinda nyumbani na watoto, neema zako zitaje kwa jina

Mtu akikuuliza siku hizi unafanya nini na wewe unashinda nyumbani na watoto, jibu linalotoka haraka ni "sifanyi kitu, nipo tu nyumbani". Mama wenzangu nawaomba hilo jibu tuachane nalo, maana ukilisema mara nyingi unaanza kuliamini, na ukishaliamini hata ukiambiwa uhesabu baraka zako unaona huna cha kuhesabu, na kumbe zimejaa humo humo ndani.

Mimi naishi Tabata, hapa Dar. Nilikuwa nimeajiriwa, nikajifungua mtoto wa pili, zile siku 84 za likizo ya uzazi zikaisha nikarudi kazini, baada ya muda tukakaa na mume wangu tukapiga hesabu vizuri, nauli, chakula cha mchana, mshahara wa dada wa kazi, foleni ya asubuhi na foleni ya jioni, tukaona kinachobaki ni kidogo mno na mtoto anamuona mama yake usiku akiwa ameshasinzia. Nikaacha kazi. Ulikuwa uamuzi wetu wote wawili na mpaka leo siujutii, ila miezi ya mwanzo ilinielemea kweli, kazini kuna mwisho wa mwezi na kuna mtu atakuambia hongera, nyumbani unafua leo kesho beseni limejaa tena na hakuna hata aliyeona kama lilikuwa tupu.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Tanga kukaa na sisi, nikawa namsikia tangu alfajiri, Alhamdulillah maji yametoka. Alhamdulillah mtoto kamaliza uji. Alhamdulillah jua limewaka, nguo zitakauka leo. Siku za kwanza nilidhani ni mazoea tu ya watu wazima, ila nilivyozidi kumsikiliza nikaona hashukuru kwa jumla jumla, anataja kitu chenyewe, saa ileile, na kwa sauti ya kusikika. Nikaanza kumfuata. Sasa hivi hata watoto wanafanya, umeme ukirudi mkubwa wangu ndiye anayewahi kusema.

Na hapo ndipo ushauri wangu ulipo. "Nashukuru kwa yote" ni neno zuri la kuombea, lakini mtu umechoka, mgongo unauma, mtoto analia, hilo "yote" hulioni liko wapi. Taja kimoja unachokiona. Maji kwa mfano. Waliokuwa Dar Oktoba 2022, Mto Ruvu umepungua kwa ukame na mji mzima uko kwenye mgao, wanajua maana ya kufungua bomba likatoka huku una mtoto anayevaa nepi za kufua. Mimi nikijaza ndoo bado nasema, na nasema nikimaanisha.

Siku ukiona kabisa hakuna cha kutaja, chukua kadi ya kliniki ya mtoto ukae nayo. Chanjo za wiki 6, wiki 10, wiki 14, surua na rubella ya miezi 9 na ile ya mwaka na nusu ambayo watu wengi wanaisahau, halafu tazama ule mchoro wa uzito unavyopanda. Kila kilichoandikwa pale kuna mtu aliamka mapema, akambeba mtoto, akakaa kwenye benchi akisubiri kuitwa, na mtu huyo ni wewe. Mtoto kapata chanjo zote na yuko hapo anakimbia kimbia, jamani hiyo ni neema kubwa, bibi zetu walizika watoto kwa magonjwa ambayo leo tunachomewa sindano mtaani kwetu bila kulipa.

Nyingine ni ndogo mpaka ukimsimulia mtu anaweza asielewe. Juzi nimekaa kibarazani na ungo nachambua mchele wa jioni, wa mwisho wangu ana miaka mitatu akaja akachuchumaa pembeni, akaokota chembe moja akainyanyua, "mama hili jiwe?" Nikamwambia hapana huo ni mpunga, haujakobolewa. Akarudisha. Akaokota nyingine, "hili jiwe?" Hapana baba, huo mchele. Tukaenda hivyo hivyo mpaka akapata jiwe la kweli, dogo jeusi, akalishika kwa vidole viwili akakimbia nalo mpaka getini kulitupa, akarudi ananitazama usoni kuona kama nimefurahi. Nilifurahi sana. Kazi ya robo saa ilichukua karibu saa nzima, na ule muda ningekuwa kwenye daladala nimesimama pale Buguruni.

Kuna kitu kingine nataka mkijue kwa sababu wengi hawajui. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani anazofanya mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, nazo ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Sisemi muanze kufikiria kuachana, Mungu aepushe. Nasema hivi kwa yule anayeambiwa golikipa, anakula vya bure, na yeye anainamisha kichwa. Kama mahakama kubwa kabisa nchini imeona kazi yako ina thamani, na wewe ione, maana ukiidharau kazi yenyewe hata neema zilizomo ndani yake zitakupita.

Ila tusichanganye kushukuru na kukaa kimya. Ukiwa na njaa sema, ukiwa unapigwa sema, pesa ya matumizi ikiwa haitoshi kaeni muongee. Na kama umejifungua unajikuta unalia kila siku, hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto, hiyo ni hali ya kiafya na haina maana kwamba huna shukrani, nenda kliniki uwaambie wazi, na umwambie na dada yako au mama yako aje akae na wewe. Usiache mtu akuambie "wenzako wanatafuta watoto" ukameza, maumivu ya mwenzio hayaponyi ya kwako.

Kwa sisi ambao ni uchovu wa kawaida, jaribu hili la kutaja, na uwe na mtu wa kumtajia. Mimi na mdogo wangu wa Morogoro tunatumiana voisi Whatsapp jioni, kila mtu anasema cha kwake cha siku hiyo, kwa ufupi tu, "leo mtoto kavaa viatu mwenyewe", basi. Siku nyingine mmoja wetu hana, mwenzake anamkumbusha cha jana.

Na akina baba mnaosoma hapa, ukirudi jioni usiulize "umeshinda unafanya nini". Uliza "leo watoto wamefanya nini", weka simu pembeni, na usikilize mpaka amalize.