Baiskeli ya mlimani: maswali ya wanaoanza

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu ambao hawajawahi kuendesha baiskeli nje ya barabara, au wamejaribu mara moja wakarudi na maumivu. Nimejibu kwa urefu pale nilipoona mtu anaweza kuumia au kukata tamaa bure.

Nina baiskeli ya zamani yenye gia, haina springi popote. Nianze nayo au nisubiri nipate ya mlimani hasa?

Anza nayo, mradi uchague njia. Kwenye barabara ya vumbi au kijia kilichoshindiliwa, chenye miteremko midogo isiyo na mawe makubwa, baiskeli yoyote yenye breki mbili zinazoshika na tairi zisizolika inatosha kukufundisha mambo mengi.

Waliouanzisha mchezo huu hawakuwa na springi pia. Miaka ya 1970, kundi la vijana wa Marin, California, lilichukua baiskeli nzito za kizamani zenye tairi nene na gia moja, likawa linashuka nazo vilima vya karibu na Mlima Tamalpais. Mashindano yao ya kwanza yalifanyika Oktoba 1976 kwenye njia iliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki ya nyuma, ambayo ilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu: ilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kushuka ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kuunda fremu zilizokusudiwa njia za namna hiyo tangu mwanzo. Kufikia mwaka 1996 mchezo ulikuwa umeingia Olimpiki, kule Atlanta.

Utajua baiskeli yako imefika mwisho wake pale breki zitakapoanza kulegea katikati ya mteremko, au gia nyepesi kabisa itakaposhindwa kukupandisha. Hapo ndipo utafute nyingine, na utakuwa tayari unajua unatafuta nini.

Nikinunua, nichukue yenye springi mbele tu au mbele na nyuma?

Mbele tu. Kwa pesa ileile unapata breki, gia na magurudumu bora zaidi, na vitu vya kufanyiwa matengenezo ni vichache. Pia gurudumu la nyuma lisilo na springi hukwambia ukweli: ukipita juu ya mzizi vibaya, unausikia mguuni papo hapo na unajifunza kupita vizuri. Jihadhari sana na baiskeli za bei ya chini kabisa zenye springi pande zote mbili. Huwa nzito, na ile springi ya nyuma hunesanesa kila ukikanyaga pedali, nguvu zako zikipotea humo.

Nichukue magurudumu ya inchi 26, 27.5 au 29?

Ukubwa wa fremu unaolingana na mwili wako ni muhimu kuliko gurudumu. Baada ya hapo, 29 huvuka mawe na mashimo kwa urahisi zaidi, na 27.5 hugeuka upesi na humfaa mtu mfupi. Za inchi 26 siku hizi ni chache madukani, lakini ukipata nzima iliyotumika usiikatae kwa sababu hiyo peke yake.

Nimepata baiskeli iliyotumika. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

Anza na fremu, maana ikiwa mbovu hakuna la kuokoa. Ifute vumbi, pitisha ukucha kwenye kila kiungo cha kuchomelea, hasa chini ya shingo na pale chini zinapoingia kranki, ile mikono miwili inayobeba pedali. Ufa mdogo huonekana kama unywele ulioingia kwenye rangi. Ukiuona, shukuru uondoke.

Kisha foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Zile nguzo mbili zinazong'aa ziwe laini. Mkwaruzo unaokwaruza kidole huharibu mpira unaozuia mafuta, na matengenezo yake si ya bei ndogo. Bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma: ukisikia mgongano shingoni, huenda ni kukaza tu, au beringi zimekwisha. Shika kranki uzitikise pembeni, zisicheze. Inua kila gurudumu ulizungushe ukitazama nafasi kati ya rimu na foku, halafu kati ya rimu na fremu kwa nyuma. Likiyumba kidogo, fundi ananyoosha kwa kukaza spoki.

Cheni pima kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu hadi alama ya inchi 12. Pini ya hapo iwe juu ya alama kabisa. Ikiwa imepita kwa sehemu ya 1/16 ya inchi au zaidi, cheni imekwisha, na pengine imekwishakula meno ya gia za nyuma. Mweleze muuzaji ulichokiona na mpunguziane bei kwa ushahidi.

Kwenye mteremko nabana breki zote kwa nguvu, mikono inakufa ganzi, na juzi nilikaribia kurushwa juu ya usukani. Nakosea wapi?

Swali hili limeletwa na watu kadhaa kwa maneno tofauti, na ndilo ninalotamani kila anayeanza alielewe kabla ya lingine lolote.

Kosa linaanzia mwilini kabla ya kufika kwenye breki. Ukipunguza mwendo, uzito husogea mbele. Kama umekaa kwenye siti, mikono imekakamaa na imenyooka, gurudumu linasimama na wewe unaendelea. Kwa hiyo, kabla ya mteremko, shusha siti. Simama juu ya pedali, kranki zikiwa zimelala sawa na ardhi, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kunja magoti kidogo, toa viwiko nje, inamisha kifua. Ni mkao wa kipa anayesubiri penalti: ametulia, ila yuko tayari kwenda upande wowote. Uzito wako wote ubebwe na miguu. Jipime hivi: ukilegeza vidole kidogo kwenye usukani, usisikie kuangukia mbele wala kuvutwa nyuma. Mteremko ukizidi kuwa mkali, nyonga zirudi nyuma, lakini zisirudi hadi mikono ikanyooka, kwani gurudumu la mbele litakosa uzito na halitageuka.

Sasa breki. Kwa breki za diski za mafuta, tumia kidole cha shahada tu, kikae kwenye ncha ya mkono wa breki. Vidole vingine vitatu na gumba vishike mpini. Kama kidole chako kinaangukia katikati ya mkono wa breki, legeza skrubu yake uusogeze kuelekea katikati ya usukani, kisha ukaze. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na ganzi ya mikono mara nyingi hupungua siku hiyohiyo. Breki za waya zinaweza kuhitaji vidole viwili.

Wengi wameambiwa waiogope breki ya mbele. Mimi nasema ijue. Ndiyo yenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Ya nyuma peke yake hufunga gurudumu, tairi likaburuzika, na mwendo usipungue vya kutosha. Zibane zote mbili, taratibu, nguvu ikiongezeka kadiri tairi linavyoshika. Kinachorusha watu ni kuikamata ya mbele ghafla, au kuibana ndani ya kona yenye changarawe. Punguza mwendo kabla ya kona, uachie breki ukiwa ndani yake, pedali ya upande wa nje ikiwa chini na mguu ukiikandamiza.

Nenda kwenye uwanja tambarare, laza kijiti chini. Njoo kwa mwendo wa wastani, ukifika kwenye kijiti anza kufunga breki ya nyuma tu, uone unasimamia wapi. Rudia kwa ya mbele tu, polepole sana. Kisha zote mbili. Tofauti utaiona kwa macho, na woga utaanza kupungua kwa sababu sasa unajua baiskeli itasimama.

Neno moja kuhusu macho. Ukilikodolea jiwe, utaligonga. Tazama pale unapotaka kupita, mita kadhaa mbele. Na mahali pakikushinda, shuka utembee, upaangalie vizuri. Waendeshaji wazuri hufanya hivyo kila siku.

Nikipanda kilima, cheni inapiga kelele na wakati mwingine gurudumu la mbele linainuka. Kwa nini?

Unachelewa kubadili gia. Ukisubiri mpaka miguu inasukuma kwa nguvu zote, cheni inalazimishwa kuhama ikiwa imekazwa, nayo inalalamika au inakatika. Badili ukiwa bado tambarare, au legeza mkanyago kwa mzunguko mmoja wakati gia inahama. Kuhusu gurudumu kuinuka: sogea hadi ncha ya siti, shusha kifua, viwiko vielekee chini. Usisimame kwenye pedali palipo na vumbi jingi, tairi la nyuma litazunguka bure.

Nijaze upepo kiasi gani? Napata pancha kila nikitoka.

Toa tyubu uitazame kwanza. Ukikuta vitobo viwili vidogo vilivyokaa sambamba, upepo ulikuwa mdogo mno na tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu. Kitobo kimoja ni mwiba au kioo: pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nyingine, la sivyo mwiba uleule utakutoboa tena.

Kwa tairi za upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 zenye tyubu, mtu wa uzito wa wastani anaweza kuanzia psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 25 hadi 30, nyuma ikizidi mbele kidogo. Mwenye mwili mkubwa aongeze. Badilisha kwa psi 2 kila safari mpaka uisikie tofauti. Usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na usiamini kidole gumba, nunua geji. Tairi lililojazwa hadi kuwa gumu kama la barabarani hudundadunda juu ya mawe na kukosa kushika.

Nina miaka 54, mara ya mwisho kuendesha nilikuwa msichana. Magoti yangu nayo hayapendi ngazi. Nimechelewa?

Hujachelewa, mama. Ila kama una tatizo la moyo au presha, zungumza na daktari kabla ya kuanza vilima.

Kuhusu magoti, adui mkubwa ni siti iliyo chini mno ukiwa unakanyaga kwa muda mrefu. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litakuwa na mkunjo mdogo unaofaa. Utaishusha siti kwenye miteremko tu. Tumia gia nyepesi na miguu izunguke haraka bila kukandamiza. Chagua njia fupi moja uipite mara nyingi kabla ya kutafuta nyingine. Ukishaijua kila kona yake, akili inapata nafasi ya kurekebisha mwili.

Lazima ninunue mavazi maalumu?

Helmeti, lazima. Ikae imelala sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ukazwe hata ukipiga mwayo uisikie ikivuta. Ikishapata pigo zito, ibadilishe hata kama haionyeshi ufa. Glavu nazo zinafaa sana, maana mikono ndiyo hutangulia chini. Viatu vya soli bapa na pedali bapa vinatosha, achana kwanza na vile viatu vinavyonasa kwenye pedali. Kwenye begi beba tyubu ya akiba, pampu, vijiti vya kutolea tairi, seti ya alenki (funguo za skrubu zenye tundu la pembe sita) na maji.

Shikamoo. Nina miaka 16 na nataka kuruka kama wale wa kwenye video. Nianzie wapi?

Marahaba. Anzia kwenye jibu la breki hapo juu, kwa dhati. Kisha jifunze kuinua gurudumu la mbele kupita juu ya kijiti, halafu la nyuma, ukiwa kwenye pedali bapa. Baadaye tafuta tuta la mviringo unaloweza kulipita bila kuruka kabisa, ili ukikosea magurudumu yabaki chini. Na uwe na mwenzako kila unapojaribu.

Mvua imenyesha usiku. Naweza kwenda asubuhi?

Inategemea udongo. Wa kichanga na wa mawe hukauka upesi. Wa mfinyanzi unangojewa. Kama tairi linaacha mfereji, rudi: mfereji huo ukikauka, mvua inayofuata itapita humo na kuila njia. Ukikuta dimbwi dogo, pita katikati, usipanue njia kwa kulizunguka. Waachie nafasi wanaotembea kwa miguu, na ukiwa unashuka mpishe anayepanda.

Ukirudi na matope, osha kwa maji ya kawaida na brashi. Maji ya presha huingia kwenye beringi na kufukuza grisi. Futa cheni ikauke, weka tone moja la mafuta kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedali kinyumenyume, halafu ufute mafuta yote yaliyobaki nje. Diski za breki zisiguswe na mafuta hata kidogo, wala kwa kidole chenye mafuta.